Je, wajua kwa nini rabi huyu alitunga nyimbo za ibada kwa mahadhi ya nyimbo za mapenzi?

Ijumaa usiku, Sabato ikishaingia, familia nyingi za Kiyahudi huimba mezani wimbo uitwao "Yah Ribbon Olam". Wimbo huo humsifu Mungu, Mfalme wa wafalme, na kumsihi awaokoe kondoo wake kinywani mwa simba. Mtunzi wake ni Israel Najara, rabi wa Gaza, aliyezaliwa karibu mwaka 1555 na kufariki karibu 1625.

Najara alikuwa Msefaradi, yaani wa kizazi cha Wayahudi waliofukuzwa Hispania mwaka 1492. Jina la ukoo wake linatokana na mji wa Nájera huko huko Hispania, na baba yake, Moses, alikuwa rabi Damascus.

Katika miji ya dola ya Osmani, yaani dola ya Waturuki, alimokulia, nyimbo zilivuma kwa Kituruki, Kiarabu, Kihispania na Kigiriki. Nyingi zilikuwa za mapenzi, na Wayahudi nao walizipenda. Najara alijua kwamba mahadhi yakishamwingia mtu hayatoki kwa kukemewa. Basi akayaacha mahadhi, akabadilisha maneno: mahali pa kumlilia mpenzi akaweka kumlilia Mungu, kwa Kiebrania. Juu ya utungo aliandika jina la wimbo wa mtaani wenye mahadhi ya kufuatwa. Hakuhitaji nota, maana wimbo wenyewe kila mtu aliujua.

Diwani yake, "Zemirot Yisrael", ilichapwa Safed, mji wa Galilaya, mwaka 1587. Nyimbo alizipanga kwa kufuata maqam, mfumo wa sauti za muziki wa Kiarabu ambao hata wapigaji wa taarab Zanzibar wanaufahamu.

Washairi wa mtindo huu walifika mbali zaidi, wakaiga hata sauti ya maneno. Mfano unaotajwa sana ni wimbo wa Kihispania unaoanza "Muérome, mi alma", yaani "Ninakufa, roho yangu". Kwa Kiebrania ukawa "Meromi, al mah", yaani "Ee Uliye juu yangu, kwa nini". Tamka yote mawili kwa sauti, utasikia jinsi yanavyokaribiana. Kwangu mimi huo ni ufundi wa hali ya juu, lakini Menahem de Lonzano, msomi wa zama hizo hizo, alichukizwa: aliona kwamba anayeomba hivyo atakumbuka mapenzi badala ya Mungu. Hoja yake ina uzito.

Wengine walimkosoa Najara mwenyewe. Hayyim Vital, mwanafunzi mkuu wa Isaac Luria, mwalimu mashuhuri wa elimu ya siri ya Kiyahudi, aliandika kwamba nyimbo zake ni njema, ila mwenendo wake haufai. Kumbe mapokeo yanasimulia kwamba Luria, mwalimu wa Vital, alisema nyimbo za Najara husikilizwa kwa furaha mbinguni!

"Yah Ribbon" wenyewe hauko kwa Kiebrania, bali kwa Kiaramu, na hautaji Sabato hata mara moja. Herufi za kwanza za beti zake tano zikiunganishwa husomeka Israel, jina la mtunzi na la taifa lake. Nao leo una mahadhi mengi mno, kwani kila jamii huuimba kwa yale inayoyapenda.