Oedipus hakuondoka Thebes siku ile

Wengi husimulia kwamba Oedipus, mfalme wa Thebes katika visa vya Wagiriki wa kale, baada ya kujitoboa macho alipogundua kuwa alimuua babake na kumwoa mamake, alitoka Thebes papo hapo kwenda uhamishoni. Katika tamthilia ya Seneca, Mrumi, ndivyo ilivyo. Kwa Sophocles, mtunzi wa Kigiriki, sivyo: Oedipus anasihi afukuzwe, Creon, shemeji yake aliyeshika utawala, anakataa mpaka Apollo, mungu wa kutabiri wa Delphi, aulizwe tena, kisha anamwamuru awaachie mabinti zake mkono na kuingia ndani. Anarudi katika jumba lile lile.

Kufukuzwa kwa Oedipus tunakusikia katika tamthilia nyingine ya Sophocles, ile ya Kolonos, mahali karibu na Athens, iliyochezwa 401 KK, Sophocles akiwa keshafariki. Humo mzee analalamika: alipotaka kuondoka alinyimwa, uchungu ulipopoa, ndipo mji ukamtoa, na wanawe wa kiume wakanyamaza.

Wala humo hajioni mkosaji. Anajitetea kama aliye kortini: njiani alishambuliwa, na hakujua kuwa anayemuua ni babake. Najisi ya damu, yaani unajisi wa kuua mtu, ilikuwa jambo jingine, kwani ilimshika hata asiyekusudia. Sheria ya Draco, mtunga sheria wa kale wa Athens, iliyochongwa upya mjini humo mwaka 409/408 KK, nayo ilimpeleka uhamishoni aliyeua bila kukusudia, hadi jamaa wa marehemu wakubali kumsamehe.