Virusi tulivyorithi: yanayosemwa Dar es Salaam na yaliyo kweli

Karibu asilimia 8 ya vinasaba vya binadamu ni mabaki ya virusi vilivyowaingia mababu zetu mamilioni ya miaka iliyopita. Tumeyarithi kama tulivyorithi kundi la damu. Hilo lilidhihirika rasimu ya jenomu ya binadamu, yaani seti nzima ya vinasaba vyake, ilipochapishwa mwaka 2001. Sehemu inayobeba maelekezo ya protini zote za mwili haifiki hata asilimia 2.

Habari hii ikifika Dar es Salaam inakutana na neno "virusi", ambalo hapa kwa miaka arobaini limebeba hofu ya ugonjwa mmoja. Nafundisha baiolojia Temeke, na maswali ya wanafunzi, pamoja na ya wazazi wao, huangukia palepale.

"Kama virusi vinarithiwa, basi na UKIMWI unarithiwa."

Hapana. Na hili ndilo linaloniuma kuliko mengine yote, maana wapo watoto wanaohukumiwa mtaani kabla hata hawajapimwa.

VVU na hivyo virusi vya kale ni vya ukoo mmoja, retrovirusi. Vinasaba vyao vimeandikwa kwa RNA, vyetu kwa DNA. Vina kimeng'enya kinachonakili RNA kuwa DNA, ambacho watafiti Howard Temin na David Baltimore walikitangaza mwaka 1970, kila mmoja kutoka maabara yake. Nakala hiyo kisha hupachikwa katikati ya vinasaba vya seli iliyoshambuliwa. Swali ni seli gani. VVU hushambulia seli za kinga, hasa zile za CD4, na seli hizo hazitungi mimba. Ili kirusi kirithiwe, lazima kipachikwe kwenye yai au mbegu ya kiume, mtoto azaliwe na nakala yake katika kila seli. VVU havirithiwi hivyo.

Mtoto anaweza kuambukizwa na mama wakati wa ujauzito, wa kujifungua au wa kunyonya. Bila dawa, kati ya watoto 100 huambukizwa 15 hadi 45. Mama akitumia dawa vizuri, hawafiki 5. Kilichoandikwa kwenye vinasaba hakizuiliwi na kidonge. Maambukizi haya yanazuilika, kwa hiyo mama asikate tamaa ya kwenda kliniki kwa kuambiwa kwamba "ni ya ukoo".

Chanzo kimoja cha mkanganyiko nakielewa. Mtoto wa mama mwenye VVU hutolewa matone ya damu kisiginoni akiwa na wiki sita hivi, na mama anasikia wanataja "kipimo cha DNA". Akilini inamjia ile DNA ya Mkemia Mkuu wa Serikali, ya kumtambua baba wa mtoto. Kumbe kinachotafutwa ni DNA ya virusi ndani ya seli za damu. Kipimo cha kingamwili hakitoi jibu la uhakika katika umri huo, kwa kuwa kingamwili za mama hupita kwenye kondo la nyuma na huweza kubaki kwa mtoto hadi miezi 18.

"Kwa hiyo sote tunatembea na maambukizi."

Mabaki si maambukizi. Kila kizazi kinaponakili vinasaba vyake, makosa madogo hujitokeza, na kwa mamilioni ya miaka yameviharibu virusi hivi hadi vimeshindwa kuzaliana. Makosa hayohayo yametupatia saa: retrovirusi inapoingia, ncha zake mbili huwa zinafanana kabisa, kwa hiyo ukihesabu tofauti zilizojitokeza baina yake unakadiria umri. Mengi ya mabaki haya tunayo pamoja na sokwe mtu, wakiwemo wa Gombe kule Kigoma, tena mahali palepale katika jenomu yenye herufi zipatazo bilioni 3. Virusi viliingia kwa babu mmoja, kabla koo zetu hazijaachana.

"Basi ni takataka tu."

Sehemu kubwa haina kazi inayojulikana, ni kweli. Lakini mwambie hivyo mjamzito yeyote. Mtoto tumboni hulishwa kupitia kondo la nyuma, na uso wa kondo unaogusana na damu ya mama ni tabaka la seli zilizoungana kuwa kitu kimoja. Mwaka 2000 watafiti walionyesha kwamba sinsitini, protini inayoziunganisha seli hizo, ilitokana na ganda la retrovirusi iliyowaingia mababu zetu zaidi ya miaka milioni 20 iliyopita. Virusi viliitumia kujiunganisha na seli ili viingie ndani.

Panya nao wana sinsitini zao, zilizotokana na virusi vingine kabisa. Mwaka 2009, kundi la Thierry Heidmann nchini Ufaransa liliwaondolea panya moja ya jeni hizo, na vijusi vikafia tumboni. Narudia habari hii kila mwaka darasani na bado inanisisimua: jambo lilelile lilitokea zaidi ya mara moja, kwa koo tofauti za mamalia. Hakuna aliyelipanga. Kilichosaidia mimba kufika mwisho ndicho kilichobaki.

"Chanjo ya UVIKO nayo inaingia humohumo kwenye vinasaba."

Uvumi huu ulienea sana mwaka 2021. Chanjo ya Janssen, iliyoanza kutolewa nchini Julai mwaka ule, ilibebwa na adenovirusi, ambayo si retrovirusi na haina kimeng'enya cha kujipachika kwenye vinasaba. Zile za mRNA, zinazobeba ujumbe wa RNA, haziingii hata kwenye kiini cha seli, vilipo vinasaba. Zote huchomwa kwenye msuli wa bega, si kwenye yai wala mbegu ya kiume.

"Hayo ni mambo ya kale, yamekwisha."

Kwa wanyama bado yanaendelea. Australia kuna retrovirusi inayoingia katika urithi wa koala hivi sasa, tunaishuhudia. Koala wa kaskazini wote wanayo kwenye vinasaba vyao. Kusini wapo ambao hawajaipata.