Usingizi wa vijana na masomo ya alfajiri: maswali ya wazazi wa Nairobi

Binti yangu yuko kidato cha pili. Namwamsha saa 10 na nusu alfajiri na haamki mpaka nimnyunyizie maji. Je, ni uvivu?

Si uvivu, mama. Mtoto akibaleghe, saa ya ndani ya mwili wake huchelewa. Melatonini, homoni inayouarifu mwili kwamba usiku umeingia, huanza kutolewa ikiwa imechelewa kwa muda wa saa moja au hata mbili kuliko alipokuwa mdogo. Mlaze saa 3 usiku, atageukageuka tu kitandani. Halafu alfajiri unamkatiza usingizi wa ndoto nyingi, ambao hukolea karibu na mapambazuko.

Anahitaji kulala kiasi gani?

Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji kati ya saa 8 na 10 katika kila saa 24. Usingizi ukimchukua saa 5 usiku nawe ukamwamsha saa 10 na nusu, amepata saa 5 na nusu tu. Atasinzia darasani, atakuwa na hasira za karibu, huenda hata huzuni ikamwandama. Linaloniuma zaidi ni kwamba ubongo huhifadhi masomo ya mchana wakati wa kulala. Tunamnyima usingizi ili asome, kisha alichosoma hakikai.

Kuna waliochelewesha kengele?

Wapo. Mwaka 2014 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilishauri shule za vijana zisianze kabla ya saa 2 na nusu asubuhi. Jiji la Seattle lilisogeza masomo ya sekondari kwa karibu saa nzima mwaka 2016, na watafiti waliowapima wanafunzi wakakuta wanalala dakika 34 zaidi. Wengi walihofu kwamba vijana wangekesha tu zaidi. Haikuwa hivyo.

Na hapa kwetu?

Kanuni za Elimu ya Msingi za 2015 zinataka masomo ya shule za kutwa yaanze saa 2 asubuhi na kwisha saa 9 na nusu alasiri. Kinachowaumiza watoto ni prepu ya alfajiri, yaani kusoma shuleni kabla ya masomo rasmi kuanza. Anayetoka Kayole au Githurai hulazimika kuwa kwenye steji gizani ili aiwahi foleni ya magari, na Nairobi jua huchomoza karibu saa 12 na nusu mwaka mzima. Kwa maoni yangu, tuanze kwa kuiheshimu hiyo saa 2. Mzazi anayewahi kazini anaweza kumwacha mtoto shuleni mapema, mradi asilazimishwe masomo.

Nifanye nini wakati huu?

Simu ilale sebuleni. Chai ya rangi na kahawa zisinywewe jioni. Sare na mkoba viandaliwe usiku, hata dakika 20 za asubuhi ni mali. Jumamosi mwache alale zaidi kidogo, lakini si hadi adhuhuri, maana Jumapili usiku hatapata usingizi. Akiwa anakoroma sana, au analala vya kutosha na bado anasinzia mchana, mpeleke kituo cha afya akapimwe.