Lemuri wa mkia wa pete: kwenye kundi hili jike ndo mwenye amri

Swali tunaloulizwa sana kuhusu lemuri wa mkia wa pete, mnyama wa Madagaska anayefanana kidogo na kima, ni hili, dume kiongozi ni yupi? Hayupo jamani. Hata jike wa cheo cha chini anamfukuza dume kwenye tunda na dume anaachia huku analialia, akichelewa anakula kofi.

Maelezo wanayotoa wataalamu wengi yanahusu njaa. Kusini mwa Madagaska wanakoishi ni kukavu kwelikweli, jike anapandwa mwezi wa 4 au 5, anabeba mimba kama miezi minne na nusu, anazaa kwenye mwezi wa 9 mvua bado haijaanza, kwahiyo ananyonyesha kipindi ambacho msitu hauna kitu, na mtoto mwenyewe akishazaliwa ananing'inia chini ya tumbo la mama kama wiki mbili kajishikiza kwenye manyoya kabla hajahamia mgongoni. Mama asipokula kwanza mtoto anakufa. Kinachowaokoa mara nyingi ni mkwaju, ndio huuhuu wa juisi, unaota kando ya mito na wanakula ukwaju wake mpaka majani.

Sasa madume wakigombana wao kwa wao ndo utaona kazi ya ule mkia. Dume ana tezi ndani ya kifundo cha mkono yenye kijiba kigumu, na nyingine kifuani karibu na bega, anachanganya majimaji yake kwa kusugua kifundo begani, halafu anaupitisha mkia katikati ya mikono yote miwili, taratibu, mpaka unanuka vizuri, kisha anauinua juu ya mgongo na kumpepea mwenzake. Wanapepeana hivyo mpaka mmoja anakubali kuondoka. Ila msimu wa kupandana harufu peke yake haitoshi, wanararuana kwa meno na majeraha yanakuwa makubwa.

Tangu 2014 wamewekwa kwenye orodha ya walio hatarini kutoweka, misitu inakatwa mkaa na kuchomwa mashamba, wanawindwa, na watoto wao wanakamatwa wakafugwe. Kuwafuga Madagaska ni kosa kisheria, na mnyama wa kundi kama huyu ukimfunga kamba peke yake unamtesa tu. Ukifika kule nenda Anja karibu na Ambalavao, hifadhi ni ya wanakijiji wenyewe na hela ya kiingilio inabaki kwao, ila ukiletewa lemuri wa kamba hotelini upige naye picha, kataa.