Sabini kwa sabini ya nini?

Jumamosi iliyopita nilikuwa Kirua Vunjo, mlimani Kilimanjaro, kupima kihamba (shamba la ukoo la migomba na kahawa) kinachouzwa kipande. Muuzaji ni mzee aliyekwisha kugonga themanini, mnunuzi ni kijana wa mjini, na kati yao dalali ambaye hakunyamaza tangu tuvuke mfereji. Nilipoanza kufunga mashine ya kupimia ardhi juu ya miguu yake mitatu, dalali akanitazama kwa huruma. "Injinia, usijichoshe bwana. Ekari si inajulikana? Mita sabini kwa sabini. Tepu tunayo."

Mara ya nne mwezi huu. Mara ya kwanza nilieleza kwa upole. Ya pili nilichora chini kwa kijiti. Ya tatu nilinyamaza tu nikapiga kazi. Sasa naandika, ili wa tano nimtumie linki na mimi niendelee kufunga mashine yangu.

Hesabu kwanza. Ekari moja ni mita za mraba 4,047. Mita 70 mara 70 ni 4,900. Zimezidi 853. Kwa lugha ya dalali, hivyo ni viwanja viwili vya ishirini kwa ishirini, na panabaki pa kuchimba choo. Mzee anayeuza "ekari" kwa mita sabini anagawa viwanja viwili bure, halafu jioni anamshukuru mnunuzi kwa kumwongezea elfu hamsini. Mraba wa ekari kwa mita ni 63.6 kila upande, basi. Na kwa kuwa nimeshaanza: uwanja wa mpira si ekari moja. Uwanja wa mita 105 kwa 68 unakaribia ekari moja na robo tatu.

Sasa niseme kinachonikera hasa. Nikishamaliza hesabu hiyo, kuna anayerukia upande wa pili: "Kumbe wazee wetu walikuwa hawajui kupima!" Walijua. Wazee hawakusema mita, walisema hatua. Ekari tuliletewa na Mwingereza, na Mwingereza alikuwa anapima kwa yadi. Ekari ni yadi za mraba 4,840, na ukiifanya mraba kila upande unakuwa yadi 69 na nusu na ushei. Yadi ni sentimita 91, yaani hatua moja ndefu ya mtu mzima anayetembea akijua kwamba anapima. Hatua za namna hiyo, sabini kwa sabini, zinatoa ekari moja na ziada ya asilimia moja tu. Kwa kipimo kisichohitaji chombo chochote zaidi ya miguu, hebu niambie nani angefanya vizuri zaidi.

Kosa lilikuja tulipohamia mita. Namba ikabaki, kipimo kikabadilika chini yake bila mtu kushtuka. Ni kama mgonjwa aliyeambiwa anywe vijiko viwili vya dawa, akafika nyumbani akachukua upawa. Kinachouma ni kwamba aliyekosea hapa ni huyu mwenye tepu. Asiye na tepu yuko sawa.

Na mimi nilikuwa humo humo. Nilipotoka chuo nikiwa na cheti kipya na kofia safi, nilikuwa nacheka nikimwona meku, yaani mzee wa Kichaga, anapiga hatua shambani. Niliwasahihisha wazee wengi kwa sauti ya juu kuliko ilivyohitajika. Baadhi yao wamekwisha kufariki na siwezi kurudi kuwaomba radhi.

Ila hatua nazo zina mwenyewe. Mtu anayetembea kawaida, hasa mfupi, anaweza kupiga sentimita 75. Sabini kwa sabini ya huyo ni mita za mraba 2,756, theluthi mbili ya ekari na chenji kidogo. Ndiyo maana ukienda kununua shamba utakuta anayeuza ameleta mjukuu wa darasa la tano "atusaidie kuhesabu", na anayenunua amekuja na mjomba mrefu kama mlingoti. Nimeona pande zote mbili siku moja, shamba moja. Mjomba alikuwa anaruka, hatembei.

Hayo yote ni ya tambarare. Mabogini, Kahe, Arusha Chini, huko unaweza kubishana kwa tepu na mkaelewana, ingawa kwenye mpunga wa Lower Moshi mambo ni mengine tena, maana mradi wa umwagiliaji ulichonga ploti za hekta 0.3. Hiyo haifiki ekari, ni kama robo tatu yake, lakini sikiliza watu wanavyotangaza: "Nina ekari mbili Chekereni." Una ploti mbili, ndugu yangu. Una ekari moja na nusu.

Mlimani ndiko kwenye kazi. Ramani haijui mteremko. Sisi tunapima umbali wa mlalo, yaani ukubwa wa kivuli cha shamba jua likiwa utosini. Kihamba cha mzee wa Kirua kina mteremko wa nyuzi kama 20 sehemu ya katikati. Ukilaza tepu ya mita 70 juu ya udongo kufuata mteremko huo, kwenye ramani zinaingia mita 65 na sentimita 80 hivi. Mita nne na zaidi zimeliwa na mlima. Ukipima kukata mteremko, kutoka mpaka wa jirani mmoja hadi wa jirani mwingine, hakuna kinacholiwa. Kwa hiyo mraba wako wa tepu si mraba tena.

Wateja hukasirika hapa kuliko popote. "Yaani umeninyang'anya mita nne?" Sijakunyang'anya. Mgomba hausimami kwa kuinama na mteremko, unasimama wima, na mbuni ni hivyo hivyo, na nyumba utakayojenga nguzo zake zitakuwa wima. Shamba la mteremko halibebi migomba zaidi ya kivuli chake. Hili huwa nalisema kwa kujiamini kabisa, mpaka siku moja kibarua aliyekuwa anapalilia pembeni akasimamisha jembe akaniuliza: "Sasa mimi nalipwa kwa ekari ya kivuli au ya hii ninayolima?" Jembe lake linapita juu ya udongo wenyewe, na kwenye nyuzi 20 udongo huo umezidi ramani kwa asilimia sita. Sikuwa na jibu. Hadi leo sina. Kitabu kinasema mlalo, na mimi naandika mlalo, lakini yule bwana alikuwa na hoja.

Halafu, kihamba gani kiko mraba? Nitajieni kimoja. Vihamba vyetu vimekaa kwenye migongo ya mlima, korongo huku na korongo kule, na kila kizazi kimegawa kwa urefu ili kila mtoto apate njia na apate maji ya mfereji. Kinachobaki ni utepe. Cha huyu mzee kina upana wa mita 18, na ukitaka ekari hapo inabidi ushuke mita 225. Mwambie dalali akuonyeshe sabini kwa sabini kwenye utepe wa mita 18, nakaa pale nasubiri.

Kinachochekesha ni kwamba ekari yenyewe ilizaliwa ikiwa utepe. Kwa Waingereza ilikuwa mnyororo mmoja wa mpima kwa minyororo kumi, yaani mita 20 na kidogo kwa mita 201. Mtu wa Kirua au Kilema akiuona mchoro huo atasema, hicho si kihamba cha baba mdogo?

Kwenye utepe, kosa dogo la upana ni kosa kubwa la shamba. Ukikosea mita mbili kwenye upana wa 18, umepoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi. Nawaomba sana wenye programu za simu, zile za kuzunguka shamba inakuandikia eneo: zinafaa ukiwa Kahe kwenye uwazi. Chini ya migomba, korongo likiwa ubavuni, simu inaweza kukuweka mita tano kutoka uliposimama, na kesho ikakuweka mita tano upande mwingine. Nimewahi kuletewa mchoro wa simu ambao jiko la jirani lilikuwa ndani ya shamba la mteja. Alikuwa anataka nimsaidie kulidai.

Tena karatasi za mauziano, ah. "Kaskazini linapakana na msitu, kusini na barabara." Kwa Kibosho, Uru, Old Moshi na Vunjo hiyo inakaribia ukweli, kwa sababu sisi tuko ubavu wa kusini na juu ni kaskazini. Watu wamezoea hivyo mpaka "juu" na "kaskazini" vimekuwa neno moja. Lakini nilipata kazi Rombo, na Rombo iko ubavu wa mashariki, juu yake ni magharibi. Karatasi iliandikwa na mtu wa Uru, akaweka msitu kaskazini kwa mazoea. Majirani wote wanne walikuwa wamezungushwa robo duara. Siha ni kinyume chake, unapanda kuelekea mashariki. Siku hizi nikipewa karatasi ya zamani, naweka dira chini na kumwuliza mwenye shamba: mlima uko wapi? Nachora kuanzia hapo.

Na majina, jamani. Arusha Chini ni kata ya huku Moshi, kwenye miwa. Mteja mmoja wa Dar aliniambia shamba la marehemu babake liko Arusha, tukakaribia kukubaliana nauli ya Arusha kabla sijamwuliza Arusha ipi. Old Moshi si mtaa mkongwe wa mjini, iko juu mlimani. Vunjo ni jimbo, usiandike "Wilaya ya Vunjo". Wilaya ya Moshi ni moja, mkuu wa wilaya mmoja, halmashauri mbili, ya manispaa na ya wilaya. Andika kijiji na kitongoji sawasawa, hayo mengine tutayapata.

Kuhusu kitongoji nitasema kwa ufupi maana nikianza sitamaliza: kitongoji hakina ardhi yake. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, ardhi ya kijiji inasimamiwa na halmashauri ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji. Mwenyekiti wa kitongoji anawajua majirani wote na ushahidi wake ni dhahabu, lakini sahihi yake peke yake haikutoshi. Na mimi si bwana ardhi. Bwana ardhi ni ofisa wa halmashauri, mimi nashika mashine tu.

Turudi Kirua. Nilimaliza maelezo, dalali akasema "haya ni mambo ya vitabu". Mzee alikuwa kimya muda wote, ameegemea fimbo. Akasema, "Njoo na tepu yako, mwanangu." Tukatoka hadi njia ya kwenda kanisani, mahali palipo sawa. Akaweka fimbo chini, akapiga hatua sabini bila kuhesabu kwa sauti, akasimama. Nikavuta tepu. Mita 64 na sentimita 30.

Nilimwuliza amejifunzia wapi. Ujana wake alikuwa anawapimia vibarua vipande kwenye shamba la kahawa, na msimamizi alimpa ufito wa yadi atembee nao pembeni mpaka mguu ulipozoea. "Tangu hapo nikitembea taratibu natembea yadi," akasema. Dalali alikuwa anapokea simu wakati huo, au alijifanya.

Kazi haikuisha. Upande wa mashariki mpaka ni masale, mimea ya kuonyesha mpaka, yamepandwa na babu zao, na sasa yamenenepa hadi unene wa mita moja na nusu. Mstari uko wapi: katikati, au ukingo wa huku, au wa kule? Kwenye mita 225, mita moja na nusu ni karibu kiwanja cha ishirini kwa ishirini. Wengine husema sale ni la aliyelipanda, wengine husema ni la wote wawili. Mimi huchukua katikati ya mashina, kwa sababu lazima nichukue mahali, na naandika hivyo kwenye maelezo. Jani la sale hapa kwetu ndilo mtu hubeba akienda kuomba msamaha, na hakuna mmea ulioniletea ugomvi mwingi kama huo.

Niliweka alama ya rangi nyekundu kwenye shina la kwanza. Jirani akaja, akaiangalia, akasema tutaongea. Narudi Jumamosi na bikoni mbili (alama za kusimika mpakani), na mzee ameniambia nisije na dalali.