Steringi Hafi? Dhana potofu kuhusu filamu za kusomea sinema

Wengi wetu Mombasa tumelelewa na picha za Kihindi na vibanda vya video. Mapenzi hayo ni mtaji mkubwa kwa kijana anayesomea sinema, ila huja na imani kadhaa zinazomchelewesha.

Dhana: Filamu za zamani zisizo na rangi zimepitwa na wakati.

Ukweli: Tazama *Ladri di biciclette* (yaani Wezi wa Baiskeli) ya Vittorio De Sica, iliyotoka Italia mwaka 1948. Antonio amepata kazi ya kubandika mabango, lakini kazi inataka baiskeli, na yake iko rehani. Mkewe anavua mashuka kitandani, wanakwenda kuyaweka rehani ili waikomboe. Karani anachukua lile furushi na kuanza kupanda nalo rafu. Anapanda, anazidi kupanda, kamera inamfuata, hadi tunaona mafurushi ya watu wengine yamerundikwa huko juu. Hakuna aliyetaja umaskini wa Roma, na umeshauona wote. Kama umezoea kuandika mazungumzo marefu, rudia tukio hilo ukiwa umezima sauti. Aliyeigiza Antonio, Lamberto Maggiorani, alikuwa mfanyakazi wa kiwandani.

Dhana: Bila kamera ya bei na wataalamu, hakuna filamu ya maana.

Ukweli: Satyajit Ray, mwongozaji wa India, aliitazama filamu hiyo ya De Sica London mwaka 1950, akiwa mwajiriwa wa kampuni ya matangazo. Aliporudi Calcutta alianza *Pather Panchali*, filamu ya Kibengali iliyotoka mwaka 1955 baada ya fedha kumkatikia njiani. Mpiga picha wake, Subrata Mitra, alikuwa kijana wa miaka 21 ambaye hakuwahi kupiga filamu. Mwaka uliofuata, katika *Aparajito*, Mitra alitanda kitambaa cheupe juu ya ua wa nyumba uliojengwa studioni, akaelekeza taa kwenye kitambaa ili mwanga urudi chini ukiwa laini kama wa mchana. Nani Mombasa atakosa shuka jeupe?

Dhana: Kamera isiposogea, filamu inalala.

Ukweli: Katika *Tokyo Story* (1953), Yasujirō Ozu aliiweka kamera chini, usawa wa mtu aliyekaa mkekani, na karibu haisogezi kabisa. Wazazi wazee wanawatembelea watoto wao mjini, na watoto hawana nafasi. Inauma sana, na hakuna anayepaza sauti.

Dhana: Lazima kuwe na steringi, na steringi hafi.

Ukweli: *La Noire de...* ya Ousmane Sembène (1966) huchukua kama saa moja tu. Inamfuata Diouana, binti wa Dakar aliyepelekwa Ufaransa kufanya kazi za ndani. Mwisho wake sitausema.

Dhana: Kwa Kiswahili hakuna filamu ya kusomea.

Ukweli: Hii ndiyo inayoniudhi kuliko zote. *Vuta N'Kuvute* ya Amil Shivji (2021) imetokana na riwaya ya Adam Shafi, inazungumza Kiswahili, na Unguja yake ya miaka ya 1950 ina vichochoro ambavyo mtu wa Mji wa Kale wa Mombasa atahisi anavijua. Soma riwaya kwanza. Kisha itazame filamu ukiwa na kalamu, uandike tukio kwa tukio nini Shivji alikiacha kitabuni, na alitia picha gani badala ya maneno.