Pale sakafu inapokutana na ukuta: dhana potofu kuhusu Carlo Scarpa

Saiti zetu zina sentensi moja inayomaliza kila ubishi: "Hapo tutafunika na skatingi," yaani kile kipande kinachopita chini ya ukuta kuficha ukingo wa sakafu. Vigae havikufika ukutani? Skatingi. Ukuta umetoka nje ya timazi? Lipu kidogo, kisha skatingi. Nimeisema mwenyewe zaidi ya mara moja, na mwenye nyumba akashukuru. Ndiyo maana kila nikitazama kazi za Carlo Scarpa, mbunifu wa majengo, Mwitaliano aliyezaliwa Venice mwaka 1906 na kufariki 1978, najihisi kama mwanafunzi aliyekutwa na daftari la mwenzake. Yeye aliacha pengo kati ya sakafu na ukuta kwa makusudi, akalipima, akalichora, akataka lionekane.

Sifa zake ni nyingi, na zimebeba mambo mengi yasiyo kweli.

"Usasa ulimfukuza fundi kwenye jengo"

Wanaosema hivi wana sababu. Wasanifu wengi wa karne ya 20 walikisifia kiwanda: vipande vinavyotoka kwenye mashine vikiwa sare, ukuta mweupe, kioo, zege. Ukisikia hayo unaona kama seremala na mwashi walibakiwa na kazi ya kupanga tu vitu vilivyoshushwa na lori.

Scarpa alikuwa wa kisasa bila shaka yoyote. Alimhusudu Frank Lloyd Wright, msanifu wa Marekani, na zege na chuma hakuvificha. Ila hakujenga bila watu wake: chuma kilikuwa cha akina Zanon, mbao za Anfodillo na baadaye Capovilla, lipu ya Eugenio De Luigi. Hao hawakuwa watu wa kuitwa mchoro ukishakamilika. Mchoro ulikwenda karakana, ukarudi na swali, ukachorwa upya. Kwa Castelvecchio pekee, ngome ya Verona aliyoitengeneza upya iwe makumbusho, imehifadhiwa michoro zaidi ya 600. Ukiitazama utakuta ramani, mkato na sura ya mbele vimepandana kwenye karatasi moja kwa penseli za rangi, na mahali fulani kuna kijitu kimesimama, kinakuonyesha macho ya mgeni yatafika wapi.

Tabia hiyo aliitoa kwenye tanuri. Kuanzia 1932 hadi 1947 alibuni vyombo vya kioo kwa kampuni ya Venini kisiwani Murano, na kabla ya hapo alikuwa kwa Cappellin. Kioo kilichoyeyuka hakimngoji mwenye wazo. Anayekijua ni mpulizaji, na mbunifu asiposimama karibu naye atapata chombo kingine kabisa. (Kazi za vioo vya Venice wala si ngeni kwetu: shanga nyingi zilizopitia Unguja kwenda bara karne ya 19 zilitoka huko.)

"Alikuwa msanifu aliyesajiliwa, mwenye mhuri wake"

Hakuwa. Alihitimu Chuo cha Sanaa cha Venice mwaka 1926 kama mwalimu wa uchoraji wa majengo, na mtihani wa serikali wa kupata leseni hakuufanya. Mwaka 1956 alipewa tuzo ya Olivetti ya usanifu, na mwaka huohuo chama cha wasanifu kikamshtaki kwa kufanya kazi bila kibali. Palipohitajika saini ya mwenye leseni, alisaini mwingine. Watu walimwita Profesa.

"Vile vipande vyake ni nakshi tu"

Hii ndiyo inayoniudhi, kwa hiyo mnivumilie.

Twende kwenye jumba la Querini Stampalia, Venice. Chumba chake cha chini kiko kando ya mfereji, na bahari ikijaa maji huingia ndani. Fundi yeyote angeambiwa ayazuie. Scarpa, katika kazi iliyokamilika 1963, aliyafungulia. Upande wa mfereji akaweka mageti ya chuma yenye matundu; maji yanapita humo na kupanda ngazi za mawe ndani kabisa ya jengo. Njia ya watu ameiinua na kuizungushia ukingo, mfano wa sinia, ila kazi ya kingo za sinia hili ni kuyazuia maji yasiingie ndani yake. Mabamba ya ukutani nayo hakuyabandika kwenye matofali ya kale. Ameyasogeza mbele kidogo, ili unyevu wa chumvi ubaki nyuma yake na ukuta upate hewa.

Sasa chukua nakshi yoyote, iondoe: nyumba itabaki nyumba. Ondoa ule ukingo wa Querini, na msimu wa maji makuu unalowa viatu. Kipande kidogo kinachoonekana kama urembo ndicho kinachobeba mzigo wa chumba kizima.

Rudi Castelvecchio, kwenye kumbi za sanamu. Sakafu ni zege lililogawanywa na michirizi ya jiwe la Prun, jiwe jeupe la milima ya jirani. Inakwenda vizuri mpaka karibu na ukuta, kisha inakoma. Panabaki mfereji mwembamba wenye kivuli, unazunguka chumba kizima. Ukuta ni wa zamani, umejaa migongo na mashimo. Sakafu ni mpya, imepimwa kwa pima maji. Vikigusana, kimoja kitalazimika kudanganya. Ama utachonga sakafu ifuate migongo ya ukuta, ama utapiga lipu ukuta ujifanye umenyooka. Yeye aliviachanisha, kila kimoja kikabaki na umri wake. Na jaribu kufikiria usahihi uliohitajika: ukingo wa sakafu usiofunikwa na chochote hauna mahali pa kuficha kosa. Skatingi ni rehema kwa fundi. Hapa hakuna rehema.

Sitasema kila alichofanya kilikuwa na kazi. Kwenye duka la mashine za chapa za Olivetti, Piazza San Marco, lililofunguliwa 1958, sakafu imepangwa vipande vidogo vya kioo, rangi zikibadilika kutoka eneo moja la duka hadi jingine. Katikati iko ngazi ya mabamba ya marumaru ya Aurisina yanayoonekana kuelea, na baadhi yamenyooshwa pembeni yakawa rafu. Hapo kuna starehe ya macho, na simlaumu.

"Castelvecchio aliirudisha ilivyokuwa"

Kilichofanyika ni kinyume chake. Kurudisha ya kale kulikuwa kumeshafanywa, tena kwa uongo. Miaka ya 1920, chini ya Antonio Avena, jengo la kambi ya askari la enzi za Napoleon lilivishwa madirisha ya kigothi (mtindo wa Ulaya wa zama za kati, wenye matao yaliyochongoka) yaliyotolewa kwenye majumba mengine, likaonekana kama kasri la kale.

Scarpa, aliyeitwa na mkurugenzi wa makumbusho, Licisco Magagnato, alianza 1957, na kazi kubwa ikafunguliwa 1964. Uongo ule hakuufuta wote. Aliufanya uonekane ni uongo: nyuma ya matao ya kigothi aliweka fremu mpya zisizofuata mistari ya matao, ukitazama unajua mara moja kwamba tao ni ngozi tu. Mwisho wa jengo la kambi akabomoa kipande, ukuta wa mji wa kale ukaonekana upya. Katika uwazi huo, juu kabisa, akamweka Cangrande wa Kwanza, mtawala wa zamani wa Verona, juu ya farasi wake, sanamu ya karne ya 14, kwenye kibao cha zege kilichochomoza hewani. Unamwona kwanza ukiwa uani, amekaa mbali kama ndege. Dakika kadhaa baadaye njia ya makumbusho inakupandisha hadi karibu na uso wake, na unakuta anatabasamu.

"Ni anasa ya wenye fedha"

Nusu kweli. Waliomtuma walikuwa na uwezo, na hakuwa mtu wa haraka. Lakini angalia alichojengea makaburi ya familia ya Brion, kijijini San Vito d'Altivole, kuanzia 1969. Giuseppe Brion, mwanzilishi wa kampuni ya redio na televisheni ya Brionvega, alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla. Familia ingeweza kumudu marumaru kila mahali. Kilichotawala pale ni zege.

Ila zege lile lina vijingazi. Kingo, madirisha, pembe, kila mahali limekatwa ngazi ndogondogo za sentimita 5.5. Watu hupenda kukumbusha kwamba jina Carlo Scarpa lina herufi 11, na 5.5 ni nusu yake. Yeyote aliyewahi kupigilia mbao za kumwagia zege atajua maana ya vipimo hivyo: kila kijingazi ni ubao wake, kila ubao umekatwa na mtu, na ukishamwaga huwezi kurudi nyuma. Ghali haikuwa mfuko wa saruji, zilikuwa siku za seremala. Kuna na mlango wa kioo usiofunguka kwa kusukumwa mbele. Unaukandamiza kwenda chini, unazama sakafuni, huku kamba za chuma na vizito vyake vikitembea wazi kwenye ukuta wa nje. Chini ya upinde mpana wa makaburi hayo, majeneza mawili ya jiwe, la mume na la mke, yameinamiana.

Kasoro ipo pia, na wengi wanaomsifu huiruka. Vijingazi hukusanya maji na vumbi, zege likaota kuvu na kuwa jeusi, ikabidi kazi kubwa ya ukarabati ifanyike kabla familia haijakabidhi mahali hapo kwa FAI, mfuko wa hifadhi wa Italia, mwaka 2022. Lipu ya kawaida yenye mteremko ingekauka mapema zaidi.

Yeye hakuyaona hayo. Novemba 1978, akiwa Sendai, Japani, alianguka kwenye ngazi za zege, akafariki siku chache baadaye. Jiwe la kaburi lake lilibuniwa na mwanawe, Tobia. Alizikwa San Vito, kwenye pembe, pale ukuta wa Brion unapokutana na makaburi ya kijiji.